Model ya jahazi: ninunue CNC kwanza ama nitafute mbao?

kibokoni_boy

Asalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote. Mimi niko hapa Mombasa, kazi yangu ni ya wiring za nyumba lakini mapenzi yangu yote ni vyombo vya baharini, nimekulia karibu na Bandari ya Kale. Sasa nataka kuunda model ya jahazi na simaanishi yale ya kuuzia watalii, gogo moja limechongwa likapakwa vanishi limekwisha. Nataka chombo chenye mkuku wake (ule uti wa chini), mataruma yake (zile mbavu za ndani), mbao zipigwe moja moja, mlingoti, foromali (boriti ya kushikia tanga), tanga, hadi usukani uzunguke. Urefu kama nusu mita hivi ikae sebuleni.

Kilichonileta hapa ni kuna jamaa anauza CNC, ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ndogo ile ya 3018, imetumika kidogo, bei yake sio mbaya. Nikiangalia video za wenzetu huko nje naona mashine ndiyo inakata kila kitu, wao ni kubandika tu. Kwa hivyo nauliza hivi, hiyo mashine itatosha ama nipoteze pesa bure? Alafu mbao. Nina mabaki ya mvule, tulibadilisha mlango kwa nyumba, mbao imekaa miaka na miaka imekauka vizuri sana. Wazungu wao kila mahali ni boksiwudi na mpea, hapa hizo nitazitoa wapi. Na la mwisho ambalo ndilo linaniumiza kichwa zaidi, ramani. Manowari za Uingereza na Ufaransa za kale nimepata ramani za kila saizi, jahazi letu hakuna. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

---

spindo_changamwe

Karibu bro. Mimi nakata milango na mabango kwa CNC kubwa, ya 3018 nilianza nayo kwa hivyo naijua.

Kwanza jina lake ndio saizi yake, 300 kwa 180 milimita, na kwenda juu na chini ni kama 45. Mkuku wa nusu mita hauingii mzima, utaukata vipande viwili uunge kwa mshazari, ambayo wala si tatizo manake hata kwa chombo cha ukweli mkuku mrefu huungwa hivyo hivyo. Mataruma yanaingia bila shida. Kitu ambacho haitakufanyia ni kuchonga ubavu mzima wa jahazi kwa mvule, ile mota ni ndogo na fremu yake inacheza ukiisukuma, utakaa hapo usiku kucha na ukiamka unapata mawimbi juu ya mbao.

Mwendo ndio watu hukosea sana. Usiige namba za mtu wa YouTube, piga hesabu. Mota inazunguka sema mara 10,000 kwa dakika, biti yako (kile kisu kinachozunguka) ina makali mawili, kila makali yanyofoe 0.02 mm, zidisha zote hizo unapata 400 mm kwa dakika. Anzia hapo, kina usizidi nusu milimita kwa kila pasi kwa mbao ngumu. Ukienda polepole sana ukifikiria unaihurumia mashine, biti inasugua badala ya kukata, inapata moto, mbao inakuwa nyeusi na biti imeisha. Unga unaotoka uwe na chembe chembe unazoziona, ukiwa laini kama poda ujue unasugua.

Alafu kumbuka biti ni duara. Ukikata mfereji wa kuingizia taruma kwa biti ya 1 mm, kona ya ndani itabaki na mviringo wa nusu milimita, na taruma lako lina kona kali, haliingii. Hapo ama umalizie na tupa ndogo ya pembe tatu ama kwa ile ramani ya kompyuta uongeze kishimo kidogo kwa kila kona. Mi naongeza kishimo, kikizibwa na ubao hakuna atakayekiona.

Na stima. Mtaani kwangu ikipotea katikati ya kazi hizi mashine ndogo hazina njia ya kujua zilikuwa wapi, ikirudi inaanza kukata hewa ama inachimba meza. Weka UPS (betri ya kushikilia stima) hata ndogo, alafu toboa tundu moja la sifuri kwa pembe ya ubao, ikizima unairudisha biti kwa lile tundu unaendelea.

---

randa_tudor

Mambo kibokoni. Mimi ni seremala, mwanamke ndio, kabla mtu hajauliza 😄

Sikubaliani na mpangilio wa maswali yako, umeanza na mashine. Mashine ikikata mbao mbaya inakupa mbao mbaya iliyokatwa sawasawa. Hiyo pesa ya CNC igawe, sehemu nenda nayo kwa mbao na kwa mtu wa kukupasulia.

Mvule wako usiutupe lakini usiufanye mbao za ubavuni. Mvule ni mti mzuri wa mlango na wa jahazi la kweli, tatizo ni matundu yake. Ukiuangalia kwa karibu nyuzi zake ni pana na zinapishana, huku zinalala hivi huku vile. Kwa mlango inapendeza, kwa ubao wa upana wa milimita sita kila tundu linaonekana kama ufa na jicho linajua mara moja kwamba hiki ni kitu kidogo kilichotengenezwa kwa mti mkubwa. Tena mvule mara nyingine una chokaa ngumu ndani, kama jiwe kabisa, biti ya 1 mm ikigonga hapo kwaheri. Na vumbi lake linawasha, vaa maski. Uutumie kwa kitako cha kusimamishia chombo, ama mkuku.

Mtiki nao una mafuta na una chembe za mchanga ndani yake zinazokula makali. Ukilazimika kuutumia, pangusa na asitoni dakika chache kabla ya gundi, la sivyo gundi inakaa juu juu tu.

Sasa hao wazungu wanapenda boksiwudi na mpea kwa sababu moja, nyuzi zimebana hazionekani na makali hayavunjiki ukichonga kitu kidogo. Hapa Pwani unayo hiyo mbao na watu wanaipikia chai. Mchungwa, mlimau, mpera. Nenda Kilifi ndani ndani kwa wenye mashamba, wakipogoa ama wakiangusha mti mzee wanakata kuni. Mchungwa una rangi ya manjano iliyopauka, mgumu, laini, unashika kona kali vizuri sana, mpera nao una wekundu fulani hivi. Ukipata vigogo vya unene wa mkono, siku hiyo hiyo vipasue katikati kupitia kiini manake ukiviacha viringo vitapasuka vyenyewe tu, paka rangi ama nta kwenye ncha, panga kivulini na vijiti katikati hewa ipite. Usianike juani. Itachukua miezi, vumilia, wakati huo ndio uhangaike na hiyo ramani.

Kwa kapi, gofia na vitu vidogo vidogo vya kamba tafuta mabaki ya mpingo. Mpingo ni mzito unazama majini, ukiukata na biti ndogo unatoka kama plastiki, tundu la nusu milimita linakaa safi. Pale Changamwe kwa wachongaji Wakamba, ule ushirika wao upo tangu 1963, watu wanatupa vipande ambavyo kwako ni mali. Siku hizi pale wanachonga mwarobaini sana, huo kwa kazi yako sikushauri, una nyuzi zinazogeuka geuka na ukiwa haujakauka unapasuka.

---

ami_wa_tezo

Kijana wa Kibokoni, salaam. Nimesoma haya yote, wenzako wamesema vyema, mimi nina langu moja la mataruma kisha nikwambie habari ya ramani.

Taruma la chombo halikatwi kwa ubao ulionyooka. Fundi huingia msituni ama shambani akatafuta tawi lililopinda lenyewe, akalilinganisha na jicho, akalichonga kwa tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Sababu si ushamba wala si uhaba wa misumeno, ni kuwa nyuzi za mti hufuata pindo lote toka mkukuni hadi juu. Sasa wewe ukiweka ubao ulionyooka mezani ukaiambia mashine ikate umbo la pindo, katikati litakuwa imara lakini huku ncha mbili nyuzi zimekatika mapande mafupi mafupi, ukilishika kwa vidole tu lavunjika. Jambo hili mashine hailijui. Kwa hiyo ama ulikate taruma vipande vitatu, kila kipande nyuzi zake zielekee kunakoelekea pindo, uviunge, ama uchukue vibanzi vyembamba uvipinde kwa mvuke uvibandike kimoja juu ya kingine kwenye kalibu, yaani umbo la kuvishikilia. Hiyo kalibu mashine na ikukatie, hapo yafaa.

Ramani hupati kwa kuwa hakuna. Fundi wa jahazi haundi kwa karatasi. Waitaka, nenda ukaipime. Subiri bamvua, mwezi mwandamo ama mwezi mpevu, maji yakipwa sana vyombo hukaa mchangani na watu huvisugua na kuvipaka. Nenda Mtwapa ama upande wa Likoni, zungumza na nahodha kwa adabu, mpelekee hata kahawa, usiende na simu imetangulia usoni. Akikuruhusu, vuta kamba toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), iwe sambamba na mkuku na isigusane na chombo. Kila mita moja angusha timazi, uzi wenye uzito, toka kwenye kamba. Kisha toka kwenye uzi wa timazi pima hadi ubavuni, chini, katikati, juu, uandike. Maji hayakungoji kwa hiyo chukua mtu wa kuandika, wewe uwe wapima. Pima upande mmoja wote, na ule wa pili pima mahali pachache, maana chombo kilichoundwa kwa jicho huwa ubavu huu na huu havilingani sawasawa. Wewe chukua mmoja uutie pande zote mbili.

Na kama waweza, anza na mashua. Jahazi lina mapambo mengi ya tezi, utachoka katikati.

---

spindo_changamwe

Ami hapo kwa nyuzi umenifungua macho, mi huwa nakata plaiwudi tu kwa hivyo sijawahi kufikiria. Na kweli kwa mtu asiyejali ndani, mataruma ya plaiwudi ya 3 mm yanafanya kazi, plaiwudi nyuzi zake zinapishana haina upande dhaifu. Lakini ukitaka ndani paonekane, fuata vile ami amesema.

Hizo namba ukizipata ingiza kwa programu ya DELFTship, kuna ya bure, inakuchorea umbo lote na unaona kama kuna kipimo kimoja kimeruka. Ikitulia unakata umbo vipande, unatoa michoro ya mataruma, unaipeleka FreeCAD, programu ya kuchorea, nayo ni ya bure. Hesabu ya haraka, mashua ya mita 12 kwa kipimo cha 1:25 inakuja sentimita 48, hiyo ni nusu mita yako. Ubao wa ubavuni ukiwa na unene wa sentimita 4 kwa chombo, kwako unakuwa 1.6 mm.

---

leo_ni_leo

Kwani mbona msikate na leza tu, rahisi na haraka, ama mprinti plastiki mpake rangi ya mbao yaishe. CNC kelele nyingi vumbi nyumba nzima

---

randa_tudor

@leo_ni_leo leza inaacha ukingo umeungua, mweusi, na gundi haishiki vizuri kwa masizi. Utaanza kupiga msasa kila ukingo, na ukishapiga msasa kipimo kimeondoka. Kwa plaiwudi ya ndani sawa. Ya plastiki sitajibu, huu uzi ni wa mbao.

Na niseme hii kwa kibokoni kabla hajatoka mbio kununua mashine. Mbao za ubavuni hazikatwi na CNC. Watu wanajaribu, wanazipiga bapa kwenye kompyuta zinatoka na umbo safi, ukizibandika ya tatu ama ya nne imeshapishana, manake kila ubao ukienda milimita nusu pembeni wa juu yake unarithi. Unakata ubao mmoja, unauweka, unachukua kipimo cha unaofuata kutoka kwa ule uliowekwa, kwa kipande cha karatasi ngumu. Hiyo ni mkono, kisu na randa ndogo. Kabla ya hapo mataruma yote lazima uyachonge kingo, mashine imeyakata wima lakini ubao kule omo unakuja kwa pembe. Chukua kibanzi chembamba kilichonyooka ukilaze juu ya mataruma kutoka omo hadi tezi, kikigusa kote bila kuruka endelea, kikiruka punguza pale palipoinuka. Hii ndio kazi yenyewe. Kazi nyingine yote ni maandalizi.

Kuzipinda, loweka maji ya moto kisha zikandamize juu ya chuma chenye moto polepole. Mchungwa unapinda ukiwa na nyuzi zilizonyooka, wenye kifundo acha.

---

mtepe_fan

Naomba nichangie kidogo. Kama mtu ana CNC na anatafuta kitu ambacho mashine itamsaidia KWELI mimi ningemwambia aunde mtepe. Ule haukuwa na misumari, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, maana yake matundu mamia kwa mamia kwenye kingo za kila ubao yakiwa yanaelekeana. Kutoboa kwa mkono utalia. Mashine kila ukishapata umbo la ubao kwa njia ya randa_tudor, unauweka bapa, inatoboa nusu milimita kwa nafasi sawa, ukirudi unashona na uzi uliopakwa nta. Tanga lake ni la mkeka na la mraba, si la pembe tatu, na gubeti (pua ya mbele) imeinuka kama shingo ya ngamia. Model yake ipo pale makumbusho ya Lamu, ukienda kaiangalie kwa utulivu.

Ama mwenye kupenda makubwa, ile manowari ya Wareno iliyozama 1697 mbele ya Ngome (Fort Jesus) wakati wa kuzingirwa, Santo António de Tanná. Mbao zake zilikuwa mtiki wa Bara Hindi, na miaka ya 1970 wapiga mbizi waliichimbua wakaipima chini ya maji mbao kwa mbao, kwa hivyo vipimo vyake vipo. Vitu vyake vingine viko ndani ya Ngome, watu wanapita wakipiga selfi hawasomi hata kibao.

---

ami_wa_tezo

Mtepe ni chombo cha heshima lakini mwacheni kijana aanze na kinachoelea mbele ya macho yake, akipotea ashuke pwani akaangalie. Mtepe akipotea atamuuliza nani?

---

kibokoni_boy

Maashallah, shukran sana nyote, sikutarajia majibu namna hii. Ami nimekusikia, nitaanza na mashua. Mashine nimemwambia jamaa aniwekee kwanza, na mchungwa kuna binamu yangu upande wa Kilifi nimeshampigia anasema kuni anazo nije na gari.

Mawili tu. Nikimaliza chombo kitakaa ofisini kwa mzee wangu, kuna AC kutwa nzima. Mtu mmoja ameniambia kitapasuka, ni kweli? Na tanga nitumie kitambaa gani, hii ya kushonea mashati inaonekana nene mno.

---

randa_tudor

Kinaweza, ndio. Hapa kwetu mbao iliyokaa kivulini inatulia na maji ya asilimia 13 hadi 15 hivi ndani yake, ukiipeleka chumba cha AC inashuka mpaka 9 au 10. Mbao ikipoteza maji haifupiki urefu, inapungua upana, kwa hivyo kila ubao wa ubavuni unajivuta kidogo na nafasi zinafunguka kati yake. Dawa ni kuizoesha kabla. Ukishapasua mbao zako za 2 mm zipeleke huko huko ofisini, zikae wiki kadhaa zimepangwa na vijiti, alafu ndio ujenge. Mbao nyembamba zinatulia haraka. Na usiunde wakati wa mvua ya masika ukimaliza ukapeleka kwa AC siku hiyo hiyo. Sanduku la kioo pia linasaidia, na mafuta ama vanishi paka ndani na nje, ukipaka nje tu upande mmoja unakunywa na mwingine haunywi, inajikunja.

---

ami_wa_tezo

Tanga ni amerikani, ile nyembamba isiyotiwa rangi, Biashara Street utaipata. Ioshe kwanza itoke wanga, kisha itie kwenye chai ya rangi isiyo na sukari, iwe na rangi ya kitu kilichokaa juani. Usikate tanga zima kwa kipande kimoja, tanga la kweli ni pande zimeshonwa pamoja, kwa hiyo pitisha mishono ya cherehani kufuata urefu, mshono mdogo kabisa. Na kingo uzitie kamba, tanga bila kamba halina umbo.

---

spindo_changamwe

Na ukija kupasua huo mchungwa niambie, nina msumeno wa mkanda huku. Usiniambie nikupasulie 1.6 kamili, tuache 2.2, msumeno unaacha alama na ukipiga msasa pande mbili namba 120 alafu 240 utakuwa umefika 1.6 bila kujua. Uje na vigogo vimekauka lakini, mbichi sipasui, inanibana blade.